Kamba Ilipokwisha: Maneno Machache kuhusu "Chock-a-block"

(Hotuba kwa wanafunzi wa tafsiri na walimu wa lugha, Tanga)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wanafunzi, wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa.

Niliombwa nizungumzie namna Waingereza wanavyosema mahali pamejaa wanapoongea kikwao, siyo Kiingereza cha kwenye mtihani. Ningeweza kuwamwagia maneno kumi na tano mkaondoka mmeandika orodha nzuri ambayo hamtaifungua tena. Nimeona afadhali nichukue moja tu tulichambue mpaka mifupa. Neno lenyewe ni "chock-a-block".

Wengi mmeshalisikia. Mtangazaji wa redio asubuhi anasema barabara ya M25, ile inayoizunguka London, leo ni "chock-a-block". Mama anafungua kabati la mtoto anakuta limebanana hivyo hivyo. Katibu muhtasi anakwambia wiki ya bosi wake nayo iko hivyo, rudi mwezi ujao. Ukienda kwenye kamusi unapewa maana ya "kujaa sana", na mfasiri mwenye haraka anaandika "imejaa sana", anasonga mbele. Simlaumu. Lakini neno hili lilipozaliwa halikuwa na habari ya kujaa. Lilikuwa linasema kwamba hakuna tena cha kuvuta.

Nitalieleza kwa jahazi, kwa sababu tuko Tanga, na kwa sababu kifaa kinachohusika kwenye merikebu za Waingereza ni kilekile kilichomo kwenye vyombo vyetu.

Tanga la jahazi linabebwa na foromali, ule mti mrefu unaolala mshazari juu ya mlingoti. Ni mzito. Huwezi kuupandisha kwa mikono mitupu hata mkiwa wanaume kumi wenye njaa ya kufika Pemba. Kwa hiyo kuna henza, kamba nene iliyofungwa kwenye foromali, inayopanda hadi kileleni mwa mlingoti na kushuka upande wa pili. Mwisho wa henza huko chini kuna gofia, nalo ni kapi kubwa, yaani kibweta cha mbao chenye gurudumu la kupitishia kamba. Karibu na sitaha kuna kapi jingine lililofungwa imara, halitikisiki: hilo ni abedari. Katikati ya gofia na abedari inapita jarari, kamba nyembamba kuliko henza, inakwenda na kurudi mara kadhaa. Mabaharia wanavuta jarari. Gofia linashuka. Likishuka linaivuta henza, na henza inaipandisha foromali.

Sasa tazameni hesabu yake. Jarari ikipita mara nne kati ya makapi hayo, uzito unagawanyika kwa nne, ukiacha ule unaoliwa na msuguano. Huo ndio msaada. Gharama yake ni kwamba ili foromali ipande mita moja, lazima uvute mita nne za kamba. Kila mkivuta, umbali kati ya gofia na abedari unapungua. Unapungua, unapungua, mpaka gofia linaligusa abedari, mbao kwa mbao. Hapo hata mkiongezwa watu ishirini kwenye kamba, hakuna kitakachosogea. Kama foromali imeshafika juu, hamdulillahi. Kama bado haijafika, mna tatizo, na tatizo hilo halitatuliwi kwa nguvu.

Hali hiyo, makapi mawili kugusana na kamba kukosa pa kwenda, ndiyo baharia wa Kiingereza aliyoiita "chock-a-block". "Block" ni kapi. Siyo tofali la saruji, siyo kitalu cha viwanja, wala siyo mtaa wa New York ulioshona watu. Na niongeze kwa faida ya vijana kwamba "chock" haina udugu na chokoleti, ingawa Waingereza wenyewe siku hizi wapo wanaoliandika kama vile limetoka kwenye duka la peremende.

Je, "chock" ni nini? Hapa wanaisimu hawajapatana, nami nitawapa ninavyoona. Ipo "chock" ambayo ni kabari, kipande cha mbao kinachozuia kitu kisiviringike. Mkienda uwanja wa ndege mtaviona vimebanwa kwenye magurudumu ya ndege iliyoegeshwa, na marubani wa zamani wa Kiingereza walipotaka kuondoka walipiga kelele viondolewe. Kwenye merikebu navyo vilikuwepo, vya kushikilia mapipa na mashua. Ni rahisi kusema neno letu limetoka hapo.

Lakini kuna "chock" nyingine iliyo kongwe zaidi. Katika shairi moja refu la Kiingereza cha zamani kuhusu Mfalme Arthur, lililotungwa karibu na mwaka 1400, kuna magari ya kukokotwa yaliyopakiwa dhahabu, na mshairi anasema yamejaa "chokkefulle". Leo wanaandika "chock-full". Kwa hiyo kabla baharia hajafika kwenye hadithi yetu, watu wa nchi kavu walishakuwa na "chock" yenye maana ya kujaa mpaka kukaba. Wapo wanaoihusisha na shavu au taya, yaani mtu aliyejaza chakula mdomoni, na wapo wanaoihusisha na kukabwa koo.

Mimi naona mambo yalikwenda hivi. Mabaharia walilichukua "chock" likiwa tayari lina sauti ya kubanana, wakalitia kwenye makapi yao. Baadaye watu wa nchi kavu, ambao hawajawahi kushika jarari maishani mwao, wakalisikia "chock-a-block", wakamkumbuka "chock-full" waliyemjua tangu utotoni, wakadhani hawa ni ndugu wa tumbo moja. Maana ikahama kutoka kugusana kwa makapi ikawa kujaa kwa mahali. Lugha hufanya hivi mara nyingi: mgeni anapewa jina la mwenyeji anayefanana naye.

Maandishi yanatusaidia kiasi. Mwaka 1834 kijana mmoja wa Chuo cha Harvard, Richard Henry Dana, aliugua surua, macho yakadhoofika, masomo yakasimama. Akapanda brigi, merikebu ya milingoti miwili, iliyoitwa Pilgrim kule Boston kama baharia wa kawaida, kuzunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, hadi California kununua ngozi za ng'ombe. Alirudi mwaka 1836, na mwaka 1840 akachapisha kitabu kuhusu maisha ya baharia wa chini, yaani mtu anayelala mbele ya mlingoti na siyo nyuma na nahodha. Katika kitabu hicho anataja makapi ya kupunguzia tanga kuvutwa mpaka "chock-a-block". Hakuna umati wa watu hapo, hakuna foleni, hakuna kabati. Kuna kamba, makapi, na mikono iliyochubuka. Hiyo ndiyo maana ya kazini.

Swali linalofuata ni hili: neno la watu wachache wa kamba lilipataje kuwa la kila mtu? Nadhani tunasahau jinsi makapi yalivyokuwa mengi. Manowari moja ya Kiingereza ya mizinga 74 ilihitaji makapi yapatayo elfu moja. Chombo kimoja! Jeshi la Wanamaji la Uingereza wakati wa vita dhidi ya Napoleon lilikuwa likitumia makapi 100,000 hivi kwa mwaka, na kazi kubwa ya kuyatengeneza ilikuwa mikononi mwa mafundi: mwili wa mbao ya elmi, gurudumu la ndani la mti mgumu kutoka visiwa vya Karibi.

Ndipo Marc Isambard Brunel, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, akabuni mashine za kutengeneza makapi. Mhandisi Henry Maudslay akazijenga kwa chuma, naye Samuel Bentham, aliyekuwa akisimamia kazi za bandari za jeshi, akazipokea. Zikasimikwa Portsmouth, bandari ya jeshi hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Zilikuwa mashine 45, zikiendeshwa kwa mvuke. Kufikia mwaka 1808 karakana ile ilikuwa ikitoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu kumi wasio mafundi waliweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110. Wanahistoria wa viwanda wanaihesabu miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ambapo mashine za chuma zilitengeneza kitu kimoja kwa wingi, kila kimoja kikifanana na mwenzake. Baadhi ya mashine hizo ziko London, kwenye Makumbusho ya Sayansi. Mkipata bahati ya kwenda, zitafuteni. Ukisimama mbele ya mashine ya kutoboa kapi, unaelewa kwamba kwa Mwingereza wa bandarini zama zile kapi lilikuwa kitu cha kila siku, na maneno yake hayakuhitaji kuelezwa kwenye kilabu cha pombe. Mafundi 110 walikwenda wapi baada ya hapo, hilo ni somo la siku nyingine, na mnaofuatilia habari za mashine zinazotafsiri mtanielewa.

Msidhani maana ya kazini imekufa. Nendeni bandarini hapa, au Dar es Salaam, au Mombasa, mtazame winchi. Kulabu inaning'inia kwenye kapi lake, na juu kwenye ncha ya mkono wa winchi kuna kapi jingine. Mwendeshaji akizubaa, akaendelea kuzungusha kamba, kapi la kulabu linapanda mpaka linagonga lile la juu. Injini haijui kuchoka kama mabaharia, kwa hiyo inaendelea kuvuta. Waya unakatika, na kilichoning'inia kinashuka juu ya walio chini. Ajali ya namna hii inajulikana katika kazi ya winchi duniani kote, na mashine nyingi hufungwa swichi maalumu ya kuizuia: kapi likikaribia mno, kengele inalia au injini inakatwa. Wamarekani katika jeshi lao la majini waliiita hali hiyo makapi mawili, "two blocks", na jina la swichi ile limetoka humo humo. Kwa mwendeshaji wa winchi, makapi kugusana ni hatari, na anajifunza hivyo siku ya kwanza kazini.

Na baharia alijinasuaje makapi yalipogusana kabla kazi haijaisha? Alifunga mzigo usirudi, akailegeza kamba, akayatenganisha makapi tena, kisha akaanza upya. Kitendo cha kulegeza na kuyatenganisha Waingereza walikiita "overhaul". Ndiyo, neno lilelile ambalo fundi wa gari wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anakwambia "injini hii inataka ovahoo", na wewe unaanza kuhesabu fedha. Lilianza kwenye kamba, likawa kufungua kitu na kukikagua kipande kwa kipande, likaingia gereji. Ninapenda kwamba haya mawili yalitoka kwenye kifaa kimoja, moja la kukwama na jingine la kukwamua, na leo Mwingereza anayatumia yote bila kujua kwamba yalikuwa jirani.

Sasa turudi kwa anayezungumza leo. Neno hili ni la mazungumzo. Hulikuti katika hukumu ya mahakama wala katika ripoti ya daktari. Kwa kawaida linakuja baada ya kitendo: barabara "ni" hivyo, ukumbi "ulikuwa" hivyo. Ndoo ya maji haiitwi hivyo, kwa sababu maji hayabanani. Vinavyobanana ni vitu na watu: magari, masanduku, abiria, miadi kwenye shajara, mabango kwenye ukuta. Australia wamelikata wakabaki na "chockers". Uingereza na New Zealand utasikia "chocka". Tena katika Vita Kuu ya Pili mabaharia wa Kiingereza walikuwa na "chocker" yenye maana ya mtu aliyechoshwa, ambaye mambo yamemfika hapa. Mnaona ninavyoweka mkono shingoni? Sisi nasi tunasema hivyo hivyo, na mkono unakwenda palepale bila kufundishwa. Baharia yule hakuwa amejaa kitu. Alikuwa amevutwa mpaka kamba ikaisha.

Hilo ndilo ninalowaomba wafasiri mlishike. Ndani ya neno hili kujaa na kukwama vimefungwa pamoja. Ukitafsiri kujaa peke yake, umeacha nusu mezani.

Kiswahili kinatupa njia gani? Nyingi kuliko tunavyozitumia. Tuna pomoni na furifuri. Tuna kujaa ndi, ambayo ukiitamka vizuri hata mdomo unajifunga. Vijana wa Dar es Salaam wanasema daladala imeshona, na mimi kama mfasiri ningewapa tuzo, kwa sababu kitu kilichoshonwa hakina nafasi na hakijongei. Hapo tumeikaribia kabisa maana ya makapi. Wapenzi wa mpira wanasema uwanja ulikuwa nyomi, lakini nyomi ni ya watu tu. Ukisema kabati ni nyomi watakucheka, na watakuwa na haki. Kufurika kunafaa kwa mto na kwa umati unaotembea, kwa hiyo kwa barabara iliyoganda ni kosa, hata kama magazeti yanaandika kila siku kwamba barabara zimefurika magari. Magari yale hayafuriki. Laiti yangefurika, tungefika. Ndugu zetu wa Nairobi wana jam, sisi tuna foleni, na zote mbili zinaeleza kukwama vizuri kuliko kujaa. Na kuna ule usemi wetu wa kejeli kidogo, "hapatoshi", ambao hautaji kilichojaa wala kiasi chake. Unataja mahali na kuliacha jambo lijieleze.

Halafu tunalo "sheheni". Hili nataka nikae nalo kidogo, maana wanafunzi wengi wanalidhania ni neno la urembo, la kuandikia insha: "hotuba iliyosheheni busara", na kadhalika. Sheheni na shehena ni za chomboni. Limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kupakia na kujaza. Waislamu mliomo humu mmelisoma maelfu ya mara katika Surat Yasin, aya ya 41, pale Mola anapotaja jahazi lililosheheni: al-fulki al-mash'hun. Kwa hiyo Mswahili na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliingia chomboni kutafuta neno la kujaa. Lakini hawakutazama mahali pamoja. Letu linatazama shehena, ngama (tumbo la chombo) iliyopakiwa mikungu, mikoko na magunia mpaka chombo kinakaa chini majini. Lao linatazama kamba. Chombo kilichosheheni kinaondoka. Tena kimepakiwa ili kiondoke. Makapi yaliyogusana yamefika mwisho.

Ndiyo maana siwashauri mtumie "sheheni" kutafsiria "chock-a-block", japo neno ni tamu na asili yake ni bahari. Kwanza ni la heshima mno: mtangazaji wa redio anapiga soga, wewe unamvisha kanzu na joho. Pili, lina baraka ndani yake. Soko lililosheheni ni soko zuri. Ukiambiwa soko ni "chock-a-block", huenda mwenzako anakushauri usiende leo.

Mwalimu wa darasa ana karatasi za zoezi, zitagawiwa tukitoka. Kuna sentensi tatu. Ya kwanza ni mtalii anayelalamika kuhusu kivuko siku ya sikukuu. Hiyo ni nyepesi, msihangaike. Ya pili ni daktari anayemwambia mgonjwa kwamba wiki yake yote ni "chock-a-block". Hapa angalieni, kwa sababu wiki haishoni wala haifuriki, na Mswahili hasemi wiki imejaa pomoni bila msikilizaji kumtazama vibaya. Msemeshe daktari kwa Kiswahili cha daktari: "Wiki hii sina hata pa kupumulia", au kitu cha namna hiyo, mtapata chenu. Ya tatu nimeitoa kwenye lugha ya mabaharia, na inahusu kapi kweli kweli. Kwa hiyo ya tatu hairuhusiwi kuandika neno lolote la kujaa. Mtakaokwama, wapo wazee kule bandarini wanaojua gofia na abedari kuliko mimi, na asubuhi baada ya kupakua huwa wana muda wa kuzungumza. Wapelekeeni kahawa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, kama muda upo, napokea maswali.